Jaji Rolande Kasoki, Aliyekataa Kurudishwa Kazini na Bunge

Mheshimiwa Padri, wazee wetu wa Butembo na wa Bukavu, baba zetu na mama zetu, waheshimiwa majaji na wanasheria mliofika, majirani wetu wa Ixelles, mimi naitwa Anaclet, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha ya yaya wetu, yaani dada yetu mkubwa, Rolande Kasoki Musavuli, ili kila aliyemjua kwa upande mmoja amjue leo kwa pande zote. Mkisikia sauti yangu inapanda kwa furaha mahali mlipotegemea machozi, nivumilieni, kwa maana machozi tumeyalia wiki nzima, na maisha haya, ingawa niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, kila ninapoyasimulia moyo wangu unaruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1971 katika hospitali ya Kitatumba, mjini Butembo, Kivu ya Kaskazini, akiwa mtoto wa pili wa Papa Grégoire Musavuli, mnunuzi wa kahawa, na Maman Apolline Kahambu, mshonaji wa nguo, ambao wote wawili wametutangulia. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alilia kwa sauti kubwa mpaka mkunga akacheka, na sauti hiyo haikupungua kamwe, kwani Yaya Rolande hakujua kunong'ona, akikupa siri kanisani basi hata padri ameisikia, na sisi wadogo zake tulipocheza mpira wa matambara nyuma ya nyumba, yeye alipanda juu ya magunia ya baba akawa mtangazaji, akaushangilia kila upande sawasawa, jambo lililotuudhi sana sisi tuliotaka atupendelee kama ndugu zake.

Alianza shule ya msingi mjini Butembo mwaka 1977, akamaliza sekondari mwaka 1989 na kupata diploma ya serikali, na mwaka uliofuata alikwenda Kinshasa kusomea sheria, safari ambayo baba aliipinga kwa mwezi mzima na kisha, siku ya kuagana, akalia kuliko sisi wote. Alihitimu mwaka 1996, akarudi nyumbani Butembo, akawatetea wajane waliokuwa wakinyang'anywa mashamba na ndugu wa waume zao, akaifanya kazi hiyo kwa moyo wote na kwa sauti yake ile ile, mpaka vita vilipokuja na watu wenye bunduki wakaanza kumuulizia kwa jina, ndipo Baba alipomvusha mpaka kupitia Kasindi, akapita Uganda, akafika hapa Brussels tarehe 9 Novemba 2000.

Hapa Ubelgiji alianza upya kama sisi wengi tulioko humu ndani, alitambuliwa kuwa mkimbizi mwaka 2002, akaambiwa kuwa shahada yake ya Kinshasa haitoshi kumpeleka mahakamani, basi akarudi darasani kukaa na vijana aliowazidi miaka kumi, siku za wiki akisoma sheria na mwisho wa wiki akiwahudumia wazee katika nyumba moja ya wazee huko Etterbeek, ambako, kwa sababu wengi walikuwa hawasikii vizuri, sauti yake kwa mara ya kwanza ilisifiwa.

Kuhusu ndoa, sauti hiyo hiyo ndiyo iliyomletea mume, kwa maana mwalimu wa kwaya ya kanisa aliyokuwa akiimba alimwondoa mstari wa mbele kwa kuwa aliwafunika wenzake wote, akamweka nyuma kabisa karibu na wanaume wa sauti ya chini, na pale nyuma alikuwapo Jérôme Cirhuza, mtoto wa Bukavu, mkaguzi wa tikiti kwenye treni, mtu mpole wa maneno machache. Walifunga ndoa tarehe 19 Julai 2003 katika kanisa la Saint-Boniface, hapa Ixelles, Mungu akawajalia watoto wawili, Cédric aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2004, na Mignonne aliyezaliwa tarehe 30 Januari 2008, ambao wako hapa mbele yenu, na ambao mama yao aliwalea kwa kicheko kingi na kwa sheria chache zisizobadilika.

Alimaliza masomo yake mwaka 2006, akaapishwa kuwa wakili mwaka huo huo, akapata uraia wa Ubelgiji mwaka 2008, akashinda mtihani wa kuingia ujaji, na tarehe 1 Septemba 2014 akaapishwa kuwa jaji katika mahakama moja ya hapa nchini ambayo familia imeamua nisiitaje, kwa kuwa hatuna kisasi na mtu. Siku ile alishuka kituo cha Porte de Namur akiwa na joho lake jeusi mkononi, akapita barabara ya Chaussée de Wavre kwa miguu, na mama wauza vitenge wakatoka madukani mmoja baada ya mwingine wakipiga vigelegele, wengine hata hawakujua ni kwa ajili ya nini, waliposikia tu kwamba mtoto wa Kivu amekuwa jaji katika nchi ya watu, wakaacha wateja wao ndani na kumfuata mpaka mlangoni kwake.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wenu mlisikia upande mmoja tu.

Tarehe 18 Oktoba 2021, siku ya Jumatatu, mkuu wa mahakama alimwita ofisini na kumwambia kwamba amesimamishwa kazi kwa tuhuma za utovu wa nidhamu, kwa sababu mtu asiyejulikana alikuwa ametuma picha inayomwonyesha katika mkahawa mmoja wa Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Ixelles, mikono yake ikiwa imeshikwa kwa mikono miwili na mwanamume anayeitwa Hamadi, dereva wa malori, mwenye kesi ya nyumba ya kupanga iliyokuwa mezani kwake. Picha ilikuwa ya kweli, hilo yeye mwenyewe hakulikana hata siku moja. Lakini mkusanyiko ule ulikuwa chakula cha kumaliza matanga ya jirani yetu, katika mkahawa wa Maman Yolande, Hamadi alikuja kama waombolezaji wengine, akamwona jaji wake, akamsalimu kwa heshima ya kwao, na Yaya, alipomtambua tu, aliondoka mezani, na Jumatatu iliyofuata matanga hayo, kabla ya kusimamishwa, alijitoa katika kesi ile na kumkabidhi jaji mwenzake, Madame Gilberte, akimweleza sababu yake.

Mtauliza, kwa nini basi hakusema hivyo? Alisema, akajibiwa asubiri siku atakayosikilizwa na baraza la nidhamu, na wakati huo huo asizungumze na mfanyakazi yeyote wa mahakama, na siku hiyo ya kusikilizwa haikupangwa, amri ya kumsimamisha ilipokwisha muda wake ikaongezwa, ilipokwisha tena ikaongezwa tena, baridi ikapita, joto likapita, na hakuna mtu aliyemuuliza hata swali moja. Sidhani kwamba mkuu wake alikuwa mtu mbaya, nadhani alikuwa mtu aliyeogopa magazeti, na kwa mtu mwenye hofu, faili lililofungwa ni raha kuliko faili lililofunguliwa.

Nyumbani kwetu Matonge hawakungoja baraza. Nilipita mbele ya duka moja la vyakula nikasikia wanawake wawili, ambao mwaka 2014 walipiga vigelegele, wakisema, "Eh, kumbe juge wetu naye anakulaka?" yaani naye anakula rushwa, na Cédric alirudi kutoka shule siku moja na shati limechanika, akakataa kusema kwa nini, na marafiki wa zamani wa mahakamani walipomwona Yaya barabarani waliangalia simu zao. Mmoja tu alivuka barabara kumsalimu, pale Porte de Namur, mbele ya watu wote, naye ni Jaji Wout, aliyemshika mkono akamuuliza habari za watoto, na Yaya hakusahau.

Kitu ambacho hatukukijua, hata mume wake hakukijua, ni kwamba kila asubuhi Yaya alivaa nguo za kazi, akachukua mkoba wake, akaaga watoto, akapanda metro na treni bila mahali pa kwenda, kwa sababu hakuvumilia waone mama yao amekaa. Siku moja Jérôme alikuwa zamu Gare du Nord, akashuka kwenye behewa lake, akamkuta mke wake ameketi kwenye benchi la kituo, mkoba mapajani, akitazama ubao wa treni, na mazungumzo yao nayajua kwa sababu wote wawili walinisimulia, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana hata neno.

"Mama Cédric, uko nangoya treni gani?"

"Ile yenye itanirudisha kazini," alisema, "lakini ona, haiko ku tableau."

Jérôme, mtu wa maneno machache, alikaa karibu naye, akavua kofia ya kazi, akasema, "Bon, kama haiko ku tableau, tutaenda na miguu."

Jioni ile ile walikwenda, na kweli kwa miguu, mpaka nyumbani kwa Profesa Etienne, mwalimu wake wa sheria wa zamani, mzee wa Kibelgiji aliyezaliwa Bukavu, ambaye Kiswahili chake cha Kivu kinatuaibisha sisi tunaojifanya tumekisahau, nami niliitwa nikawakuta mezani wameshaanza kubishana. Profesa alitaka Yaya apeleke jambo lake kwenye kamati ya sheria ya Bunge, kwa kuwa alimfahamu mbunge mmoja kijana wa Kiflemishi, Lien, aliyekuwa tayari kusikia, na Yaya, ndugu zangu, Yaya alikataa katakata.

"Tonton Etienne, hapana. Wanasiasa wakizoea kuingia mahakamani, hawatatoka tena. Leo wataingia kunisaidia, kesho wataingia kunikomesha."

"Nani amekuambia waingie?" Profesa alisema. "Bunge libaki inje. Lipige hodi tu, liulize kwa nini mulango umefungwa mwaka muzima. Kuuliza si kuhukumu, mwanangu."

"Na kama wataniuliza nina kosa ao sina?"

"Alors, utawaambia hiyo si kazi yao."

Nikamwona akifanya kile alichofanya kila mara alipopima maneno ya mtu, kugeuza pete yake kidoleni, kisha akasema kwamba atakubali kwa sharti moja, kwamba jina lake lisitajwe katika swali lolote, na swali liwe juu ya wote waliosimamishwa, si juu yake. Basi Lien aliuliza Bungeni maswali matatu tu, ni majaji wangapi wamesimamishwa kazi kwa tuhuma, tangu lini, na wangapi kati yao wameshasikilizwa. Mnajua jibu lilikuwa nini? Ofisi iliyopaswa kujua haikujua. Hakuna aliyewahi kuhesabu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza, na siku ile Yaya alinipigia simu nikiwa kazini, akapiga kelele mpaka nikaweka simu mbali na sikio, "Anaclet! Hawajui! Umesikia? Hawajui!" na ilikuwa mara ya kwanza tangu asimamishwe kusikia sauti yake ya kweli.

Maswali yakazaa maswali, magazeti yakaandika, na kamati ikaamua kuwasikia watu wanaolijua jambo hili kwa uzoefu, safari hii Yaya akakubali kusimama kwa jina lake, tarehe 14 Machi 2023, siku ya Jumanne. Nawaambieni, siku hiyo Matonge ilihamia Bungeni. Maman Yolande alifunga mkahawa wake, kwaya ilikuja, mama wa vitenge walikuja, tukapita kwenye mashine za ukaguzi zikalia kwa sababu ya bangili na mikufu mpaka walinzi wakachoka, tukakaa juu kwenye viti vya wageni, tumebanana, tumenyamazishwa mara mbili kabla hata kikao hakijaanza, na chini kabisa, peke yake kwenye meza, akiwa amevaa koti la kijivu, yaya wangu.

Alieleza mambo yake kwa utulivu, hakumtaja mkuu wake kwa ubaya, hakulia. Kisha mbunge mmoja mzee, mtu wa upande wenye nguvu, nadhani kwa moyo mwema kabisa, akawasha kipaza sauti na kusema kwamba amesikia ya kutosha, kwamba jambo hili ni aibu, na kwamba anapendekeza kamati ipige kura siku hiyo hiyo kudai Madame Kasoki arudishwe kazini mara moja. Juu kule tulilipuka. Watu walipiga makofi, mlinzi alisimama, Jérôme alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma, na mimi nikajua kwamba yamekwisha, tumeshinda, kesho yuko kazini.

Yaya akainama kwenye kipaza sauti ambacho hakukihitaji, akasema, nami nageuza Kifaransa chake kwa Kiswahili chetu, "Mheshimiwa, nakushukuru, lakini hapana. Tafadhali msinirudishe."

Maman Yolande alinipiga kiwiko. "Anasema nini huyu?"

"Anakataa, maman."

"Anakataa? Mungu wangu, amepata wazimu!"

Yaya aliendelea, "Mimi ni mtuhumiwa. Inawezekana nina kosa. Ninyi hamjui, na si kazi yenu kujua, kwa sababu siku Bunge litakapoweza kumrudisha jaji kwa kura, siku hiyo litaweza kumfukuza mwingine kwa kura. Ninachoomba ni kidogo zaidi na ni kizito zaidi. Mwulizeni kila anayesimamisha majaji, amewasimamisha wangapi, tangu lini, na amewasikiliza lini. Mwulizeni kila mwaka, mbele ya watu, hata mwaka ambao hakuna anayelalamika. Mimi nataka nisikilizwe na wale wenye kazi ya kunisikiliza, wakinikuta na kosa wanifukuze, wasiponikuta na kosa nirudi kwa mlango wa mbele."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mbunge mzee alizima kipaza sauti chake, akamtazama muda, akakiwasha tena, akasema kwamba anaondoa pendekezo lake, na kwamba katika miaka yake yote pale ndani hajawahi kukataliwa zawadi kwa namna iliyomfundisha kazi yake. Ndipo Lien aliposimama, na baada yake wengine, upande huu na upande ule, na Maman Yolande, aliyekuwa amemwita mwendawazimu sasa hivi, akapiga kigelegele kimoja kirefu ambacho, nimeambiwa, kimeandikwa katika kumbukumbu za kikao kama kelele kutoka kwa wageni.

Hazikupita wiki nyingi tarehe ya baraza la nidhamu ikapangwa, na tarehe 22 Juni 2023 Yaya alisikilizwa, kazi ya asubuhi moja tu. Hamadi alikuja akaeleza, Maman Yolande alikuja akaeleza kwa mikono na miguu, na mwisho akaitwa Madame Gilberte, aliyesema kwamba ni kweli, kesi ile alikabidhiwa yeye Jumatatu iliyofuata matanga, na sababu aliambiwa. Wakamuuliza kwa nini muda wote ule alikaa kimya, akajibu kwa sauti ndogo, "Hakuna aliyeniuliza, na mimi niliogopa." Yaya alisafishwa tuhuma zote. Nje, kwenye korido, Madame Gilberte alisimama ukutani akilia, sisi ndugu tukiwa tumekunja uso, mimi hasa nikiwa na maneno yangu tayari, lakini Yaya alitupita, akamwendea, akamwambia kwa sauti iliyosikika mpaka ngazini, "Madame Gilberte, njoo kwetu Jumamosi, kuna sombe," ile mboga yetu ya majani ya muhogo, na akaja, na amekuwa akija tangu siku hiyo, na leo yuko hapa, amekaa na familia.

Alirudi kazini tarehe 4 Septemba 2023, kwa mlango wa mbele, na tarehe 27 Machi 2024 Bunge likapitisha utaratibu kwamba jaji yeyote anayesimamishwa kwa tuhuma lazima asikilizwe katika muda mfupi uliowekwa, na kwamba kila mwaka kamati itapokea hadharani taarifa ya waliosimamishwa na ya waliosikilizwa, bila Bunge kugusa hukumu ya mtu yeyote.

Lakini historia ya mtu haiandikwi kwa ushindi tu, na familia imetaka nilisome na hili. Katika majira ya joto ya mwaka huo huo jaji wa kwanza kupita katika utaratibu mpya alikuwa Wout, yule yule aliyevuka barabara kumsalimu. Alituhumiwa, akasimamishwa, akasikilizwa upesi kama utaratibu ulivyotaka, na kosa lake likaonekana kuwa la kweli, akafukuzwa. Watu walikuja kwa Yaya, wengine kwa huruma, wengine kwa ubaya, wakamwambia, "Ona sasa, sheria yako imekula rafiki yako." Alilia siku ile, nilikuwepo, alilia kama amefiwa, kisha akaosha uso, akasema, "Amesikilizwa. Kama angeachwa nje miaka miwili kama mimi, leo tusingejua kama ni mwizi ao ni mtu aliyeonewa. Nilitaka hivi, Anaclet, na sikuweka sharti kwamba isiumize," kisha akavaa viatu, akaenda kumwona Wout nyumbani kwake, akakaa naye mpaka jioni, na waliyozungumza hakumwambia mtu, hiyo ikiwa siri pekee ninayojua kwamba aliiweka mpaka mwisho.

Mwezi Novemba 2024 alianza kuumwa tumbo, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, akaanza matibabu hapa Brussels, akaendelea kusoma mafaili yake mpaka mwezi Mei 2025, alipoliweka joho chini kwa mkono wake mwenyewe, akatuambia kwamba mtu mgonjwa asihukumu maisha ya mtu mwingine akiwa na haraka ya kumaliza. Alikonda, nywele zilikwisha, ile sauti ikawa ndogo mpaka tukajifunza kuinama ili tumsikie, na hilo, kwa sisi tuliokulia chini ya sauti ile, lilikuwa gumu kuliko mengine yote.

Tarehe 9 Desemba 2025, siku ya Jumanne mchana, akiwa kitandani hospitalini, Mignonne alimwekea kompyuta mapajani ili aone kamati ya sheria ikipokea taarifa yake ya mwaka. Jérôme alikuwepo, mimi nilikuwepo. Walisoma mambo mengi ya kuchosha, tukadhani amelala, kisha Lien, aliyekuwa akiongoza kikao, akasoma idadi ya majaji waliosimamishwa mwaka ule, wachache, akasoma idadi ya waliosikilizwa, na idadi zilikuwa sawa. Yaya alinyanyuka. Mtu ambaye kwa siku kadhaa hakuwa ameinua kichwa bila msaada, alinyanyuka akaketi, akapiga kelele kwa sauti yake yote, ile ya juu ya magunia ya kahawa, "Wote! Wamesikilizwa wote!" mpaka nesi akaingia mbio, amebeba dawa, akidhani ni maumivu, akauliza, "Madame, unaumwa wapi?" na yeye, akicheka, akimshika nesi kwa mikono miwili, akamwambia, "Hakuna mahali, binti yangu. Leo hakuna mahali."

Jaji Rolande Kasoki Musavuli alifariki dunia Jumapili tarehe 11 Januari 2026, asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, mume wake na watoto wake wakiwa wamemshika, ameacha mume mmoja, watoto wawili, ndugu wanne, na jamaa wengi hapa na nyumbani Butembo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa nesi yule aliyekuja mbio na kubaki kucheka naye, inawashukuru majirani wa Ixelles na mama wote wa Chaussée de Wavre mlioleta chakula bila kuulizwa, inamshukuru Profesa Etienne, ambaye kwa sababu ya miguu yake anatufuata leo kwa simu, mheshimiwa Lien, Madame Gilberte na majaji wote mliokuja, mkuu wake wa mahakama aliyetuma maua, tumeyapokea na yako hapa mbele, Hamadi aliyeendesha gari usiku wa jana kutoka Antwerp, na Bwana Wout, ambaye ameketi nyuma kabisa karibu na mlango, na ambaye kwa jina la dada yangu namwomba asogee mbele akae nasi.

Yaya, kazi yako umeifanya ukaimaliza, sasa nyamaza kidogo, upumzike kwa amani ya Bwana, na sisi tuliobaki utuachie zamu ya kupiga kelele.